Mdogo wangu, isome hiyo shahada ya mawasiliano

Mdogo wangu,

Juzi uliponipigia simu sauti yako ilikuwa imeshakata tamaa. Umeambiwa mawasiliano hayasomwi kwa masafa, yaani ukiwa mbali na chuo, kwamba anayetaka kujifunza kuzungumza na watu hawezi kujifungia chumbani na kompyuta. Siku ile nilikuwa na haraka, sikukujibu ipasavyo. Nakujibu leo hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Shahada yangu niliipata hivyo hivyo, na bado naamini umbali ule ulinifundisha kazi yenyewe.

Kwanza, hili si jambo la juzi. Mwaka 1840 Isaac Pitman wa Uingereza alikuwa akifundisha hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunakili maneno haraka, kwa posta: wanafunzi wanamtumia kazi zao, anazisahihisha, anawarudishia. Hatimkato ni nini kama si ufundi wa mawasiliano?

Mapema kabisa masomoni utakutana na Harold Lasswell, msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 1948 kwamba mawasiliano yachunguzwe kwa kuuliza nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani na kwa matokeo gani. Maneno mepesi kukariri. Mimi niliyaelewa siku kazi yangu ya pili iliporudi. Nilikuwa nimeandika kurasa tano kuhusu namna vyombo vya habari vinavyotupangia mambo ya kufikiria, nadharia ya watafiti McCombs na Shaw ya mwaka 1972, na nilijiona nimemaliza kila kitu. Pembeni ya aya ya kwanza mhadhiri aliacha maneno mawili tu: "Unamwambia nani?"

Iliniuma. Darasani ningeinua mkono, ningemwona usoni kama amekasirika au ananisaidia. Nikaandika barua pepe ndefu ya kulalamika. Nilipoisoma tena kabla ya kuituma, nikaona mtu asiyenijua angeichukulia kama matusi. Nikaifuta, nikaandika mistari mitatu yenye swali moja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, refu, la upole, na ndilo lililonifungua macho. Mtu asipokuona uso wala kukusikia sauti, upole, heshima na maana yako vyote vinabebwa na maneno uliyochagua. Somo hilo nalitumia kazini kila siku ya Mungu.

Halafu kuna hotuba. Tulitakiwa kujirekodi dakika tano na kutuma. Nilirudia mara kumi na nne. Nilipojisikiliza nikagundua kwamba kila sentensi naimalizia kwa kushusha sauti, kama mtu anayeomba radhi kwa kusema. Miaka yote niliyoishi hakuna aliyewahi kuniambia. Kwenye ukumbi ningepigiwa makofi ya adabu nikaketi, na kasoro ile ningezeeka nayo.

Lakini sitakudanganya, kuna unachokosa. Unakosa wale rafiki wa kwenye korido ambao miaka mitano baadaye ndio wanaokupigia kukuambia kuna nafasi ya kazi. Hao itabidi uwatafute kwa makusudi. Sisi tulikuwa wanne, tuliokutana kwenye jukwaa la majadiliano la moduli moja. Tukapanga kupigiana simu kila Jumapili na kusomeana kazi zetu kwa sauti. Mmoja wao hadi leo sijawahi kukutana naye ana kwa ana, na ndiye ninayempelekea maandishi yangu ayakosoe.

Kabla hujalipa ada, hakikisha chuo kina ithibati ya mamlaka inayosimamia vyuo vikuu katika nchi kilipo. Usiridhike na tangazo lao, tafuta jina lao kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Kisha waulize masomo ya vitendo yanafanyikaje: redio, video, mahojiano, mafunzo kazini. Chuo kinachokuahidi shahada ya mawasiliano bila kukutaka urekodi, uhoji au uhariri chochote, achana nacho.

Uliza pia mhadhiri hurudisha kazi baada ya muda gani, na kwa maelezo au kwa alama tupu. Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alieleza kwamba umbali wenye uzito katika masomo ni lile pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na pengo hilo hukua mazungumzo yanapopungua. Kwa hiyo anayekaa kiti cha mbele anaweza kuwa mbali na mwalimu kuliko wewe. Mrejesho ndio utakaokuvusha, mdogo wangu. Mahali usipopata mrejesho, hata vitabu vikiwa vizuri namna gani, usiende.

Nitumie majina ya vyuo unavyovifikiria, tuvipitie pamoja. Na hotuba yako ya kwanza ukishairekodi, niletee mimi kabla ya mhadhiri. Nitaisikiliza mpaka mwisho, kisha nitakuambia ukweli.

Dada yako