Waliobaki nyumbani wakati wa vita vya Burma nao wakumbukwe

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Julai 25, Siku ya Mashujaa, nasikia wakitajwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliopelekwa Burma, sasa Myanmar, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ni haki yao kutajwa. Linalonisikitisha ni kwamba waliobaki nyumbani hawatajwi, ilhali mkakati uliowapeleka vijana wale Asia ulibadili pia maisha ya jamaa zao.

Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, na Waingereza pamoja na washirika wao wakakosa nyuzi walizokuwa wakitengenezea kamba za meli na za jeshi. Mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ya kikoloni ikaandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani, na neno manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani, ambalo wazee wetu walilijua tangu zamani, likazidi uchungu, kwa kuwa safari hii mtu hakuulizwa kama anataka.

Mwaka 1944 Jenerali William Slim, kamanda wa jeshi la Waingereza huko Burma, aliamua kuwafuatia Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal, India, bila kungoja masika ya huko yaishe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika matope na malaria, ikitegemea sana chakula kilichodondoshwa na ndege, hata ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Kijeshi naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa sababu adui hakupewa nafasi ya kujipanga upya. Lakini katika miezi hiyohiyo marehemu bibi yangu, huku Misungwi, alilima pamba na mtama peke yake, mtoto mgongoni, akingoja barua ya mumewe ambayo hata ingefika ingebidi asomewe na katekista. Alinisimulia hayo mara nyingi, nami, kwa ujinga wa utoto, sikuandika hata neno moja.

Aliyekuwa na umri wa miaka 10 wakati huo sasa amepita 90. Naliomba gazeti lako, pamoja na walimu wa historia wa Mkoa wa Mwanza, wawarekodi wazee hawa mapema, Kisukuma kikiwa ndiyo lugha yao ya kusimulia. Waulizwe nani alichukuliwa, nani alilima, chakula kilipatikana wapi, na habari za kifo zilifikaje kijijini.

Msomaji wako,
Misungwi, Mwanza