Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Makavazi ya Lamu: visukuku vya Manda viandikwe

Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Baada ya salamu, nakuandikia kuhusu matimbo ya Maweni, kisiwani Manda. Mawe yake yamejenga nyumba nyingi za Amu, na hadi leo yanavushwa kwa majahazi na kupokewa na punda ufukoni. Sitaki wachongaji wazuiliwe riziki yao. Naomba tu visukuku, yaani mabaki na alama za viumbe vya kale, vilivyomo ndani ya mawe hayo viandikwe kabla havijakatwa.

Mwamba wa mwambao wetu ulikuwa matumbawe hai. Wataalamu wanakadiria kwamba sehemu yake kubwa iliota miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita 6 hivi au zaidi. Ndiyo maana sururu ikipasua jiwe nchi kavu hutoka makombe, konokono wa baharini na matumbawe ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo. Pengine kombe lenyewe limeshayeyushwa na maji ya mvua, pakabaki alama yake jiweni, hadi mistari ya mgongo. Hizo ndizo nizipendazo zaidi.

Lakini kombe lisilojulikana limetoka tabaka gani hubaki pambo la mezani. Matumbawe hufyonza elementi iitwayo urani kutoka maji ya bahari, na urani hiyo hugeuka polepole kuwa elementi nyingine, thori. Maabara ikizipima zote mbili hupata umri. Ukijua umri na kimo cha tabaka, unajua bahari ilifika wapi. Kwa mji unaokaa karibu sawa na maji kama wetu, hiyo ni habari nzito.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inalinda visukuku na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Mchongaji atampa nani taarifa, jua kali na jahazi linamngoja? Tafadhali mteue afisa awe akivuka Manda mara kwa mara, apige picha, apime kina, aandike. Wachongaji wanayajua matabaka ya timbo kuliko yeyote, kwa hiyo wafunzwe kuweka kando jiwe lenye umbo, na walipwe kwa muda wao. Wasilipwe kwa kisukuku: bei ikishaingia, vitaishia mikononi mwa watalii gatini.

Kabati moja la kioo katika jumba la makavazi latosha kuanzia, na chini ya kila kisukuku liandikwe jina la mchongaji aliyekiona.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Langoni, Lamu