Tuta la Sahara Magharibi si mpaka

Mhariri,

Magazeti yetu yakiandika kuhusu Sahara Magharibi huweka ramani yenye mstari uliokatakata, na chini yake maneno "mgogoro wa mpaka". Naomba nafasi nieleze mstari ule, ambao kwa kweli ni tuta la kijeshi la Moroko, umetoka wapi, maana asiyeujua hawezi kuvielewa vita vyenyewe.

Uhispania, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo, iliondoka Februari 1976 bila kuwauliza wenyeji, Wasahrawi. Miezi mitatu nyuma, huko Madrid, ilikuwa imekubali kuwaachia utawala Moroko na Mauritania, ingawa Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeshasema, Oktoba 16, 1975, kwamba madai ya nchi hizo hayafuti haki ya Wasahrawi kujiamulia mambo yao. Zikagawana: Moroko ikachukua kaskazini, theluthi mbili, na Mauritania kusini. Polisario, harakati ya ukombozi ya Wasahrawi iliyoundwa 1973 kupigana na Mhispania, ikajikuta na maadui wawili.

Ilianza na yule dhaifu. Uchumi wa Mauritania ulining'inia kwenye reli moja ya kilomita 700 hivi, inayoshusha madini ya chuma kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou. Reli ya namna hiyo jangwani hailindiki. Hata ndege za kivita za Ufaransa, zilizoingia Desemba 1977, hazikuiokoa serikali: Julai 1978 jeshi lilimpindua Rais Moktar Ould Daddah, na Agosti 5, 1979 Mauritania ikasaini amani mjini Algiers. Siku chache baadaye Moroko ikakitwaa na kile kipande cha kusini.

Wakati huo askari wa Moroko walikaa kwenye miji na kambi zilizotawanyika, wakingoja misafara iwaletee maji na mafuta. Polisario walikuja kwa Land Rover kutoka mbali, wakaivamia kambi moja kwa nguvu iliyowazidi waliomo, wakatoweka kabla msaada haujafika. Moroko ikajibu kwa buldoza. Kati ya 1980 na 1987 ilijenga matuta sita, moja mbele ya jingine. La kwanza liliukinga mji wa El Aaiún, Smara na mgodi wa fosfeti (madini ya mbolea) wa Bou Craa, pamoja na ule mkanda wa karibu kilomita 100 unaopeleka fosfeti baharini, uliokuwa umehujumiwa hata uchimbaji ukasimama kwa miaka kadhaa. Lilipokamilika la sita, urefu wote ulifika kama kilomita 2,700.

Kwenda juu, tuta ni mita mbili tatu tu za mchanga na mawe, na mtu mwenye miguu yake analipanda. Limewekwa kuzuia gari. Mbele yake kuna handaki, seng'enge na mabomu ya ardhini. Juu yake kuna ngome ndogo kila baada ya kilomita chache, zenye rada na mizinga, na nyuma yake vikosi vya magari vinavyosubiri kuziba pengo. Polisario walilitoboa mara nyingi. Taabu ilikuwa kutoka: pengo uliloingilia ndilo la kurudia, na kila dakika unayokaa ndani adui analifunga. Moroko nayo ilibeba mzigo wake, askari zaidi ya 100,000 wa kulishwa na kunyweshwa jangwani, na bado ukigawa ni kama 40 tu kwa kilomita. Hakuna aliyeweza kumaliza kazi, ndipo mapigano yakasitishwa Septemba 6, 1991.

Afrika haikukaa kimya. Nairobi, 1981, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Mfalme Hassan II wa Moroko alikubali mbele ya viongozi wenzake kura ya maoni ya Wasahrawi kujiamulia mambo yao. Mkutano wa OAU wa Addis Ababa wa 1984, uliomchagua Mwalimu Nyerere kuwa mwenyekiti, uliwapa Wasahrawi kiti, Moroko ikajitoa na haikurudi hadi 2017. Kura ilipangwa ifanyike Januari 1992, ikakwama kwenye swali la nani ni Msahrawi. Sensa ya Wahispania ya 1974 ilihesabu watu kama 74,000. Umoja wa Mataifa ulipomaliza uchambuzi wake ulikubali wapiga kura wapatao 86,000, zikafuata rufaa zaidi ya 130,000. Mpaka leo hakuna aliyepiga kura, na hili linauma kuliko yote.

Wala si kweli kwamba vita viliisha 1991. Makubaliano yaliacha ukanda wa kilomita 5 mashariki mwa tuta usiokanyagwa na askari yeyote. Novemba 13, 2020 jeshi la Moroko liliingia ukanda huo pale Guerguerat kuwaondoa raia waliofunga barabara ya Mauritania, na Polisario wakatangaza kurudi vitani. Sasa ndege zisizo na rubani hulinda tuta kutoka angani, na gari lililo kwenye uwanda mtupu halina pa kujificha. Mvua nayo ikinyesha, maji ya makorongo huzoa mabomu na kuyalaza kwingine, hivyo njia aliyopita mchunga ngamia mwaka jana salama, mwaka huu huenda imetegwa.

Ramani ijayo iandikwe "tuta la kijeshi, 1987". Mpaka wa nchi ile ni ule alioacha Mhispania, na uko nje ya tuta, kwa Algeria na kwa Mauritania.