Vistari vilivyopangwa si orodha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo kuhusu kurasa za habari mtandaoni, za gazeti hili na za mengine. Orodha nyingi zinazowekwa humo si orodha. Macho yanaona vistari vimepangana vizuri, lakini ukifungua msimbo wa ukurasa unakuta sentensi zimekatwa kwa tagi (alama ya kuielekeza kivinjari) ya br, inayokata mstari, kila moja ikitanguliwa na kistari kilichochapwa kwa mkono. Kwa kivinjari hiyo ni aya moja tu iliyokatwakatwa.

Mara nyingi chanzo ni kunakili na kubandika. Habari huandaliwa kwenye programu ya kuandikia, kisha hubandikwa kwenye mfumo wa tovuti. Kitone hufika kama herufi ya kawaida, kikifuatwa na nafasi zisizovunjika (zisizoruhusu mstari kukatika hapo), na kila mstari huwa aya inayojitegemea. Mifumo mingine husafisha uchafu huo, mingine huuacha kama ulivyo. Dawa yake haichukui dakika moja: futa vitone vilivyokuja na maandishi, chagua mistari yote, bonyeza kitufe cha orodha, halafu tazama msimbo uhakikishe kila mstari umepata tagi ya li, yaani ya kipengee cha orodha.

Anayeumia kwanza ni msomaji asiyeona. Akifika kwenye orodha halisi, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, humwambia kwamba hii ni orodha na ina vipengee 6, basi anajua kilicho mbele yake. Katika visoma skrini vya NVDA na JAWS, kitufe cha L humpeleka kwenye orodha inayofuata, cha I kwenye kipengee kinachofuata. Kwenye orodha ya vistari vitufe hivyo havioni kitu. Hata mwenye macho mazuri hupata usumbufu kwenye simu: mstari mrefu ukijikunja, sehemu ya pili huanzia chini ya kistari badala ya chini ya maneno, na vipengee vinaingiliana.

Wala huu si ufundi mpya. Tagi za ul na li zimo katika tagi za mwanzo kabisa ambazo Tim Berners-Lee alizieleza mwaka 1991. Kuchagua kati ya ul (orodha ya vitone) na ol (orodha ya namba) nako hakuhitaji mjadala: badili mpangilio wa mistari. Maana ikibaki ileile, tumia ul. Ikivurugika, tumia ol.

Wengi hukosea pale orodha inapozaa orodha nyingine. Tazama hii:

<ol>
<li>Fungua ukurasa wa mipangilio.</li>
<li>Andika nywila mpya.
  <ul>
  <li>Herufi zisipungue 12.</li>
  <li>Usirudie nywila ya zamani.</li>
  </ul>
</li>
<li>Bonyeza «Hifadhi».</li>
</ol>

Angalia hatua ya pili inapofungwa: baada ya orodha ndogo kwisha, si kabla. Ndani ya ul au ol, mtoto anayeruhusiwa ni li (ukiacha script na template, tagi zisizoonyesha kitu kwenye ukurasa), na mengine yote, yaani aya, picha, viungo na orodha ndogo, hukaa ndani ya li. Wengi hufunga li kwanza kisha wakaanza ul mpya. Tatizo ni kwamba kivinjari kitaionyesha karibu sawasawa, hivyo kosa halionekani, ila masharti yale mawili ya nywila hayana tena uhusiano na hatua yake.

Kosa jingine ni kuweka ul ndani ya aya. Kivinjari kikikutana na ul huifunga aya papo hapo bila kukuuliza. Halafu kikikuta tagi yako ya kufunga aya, hutengeneza aya nyingine tupu. Ndiyo maana rangi au ukubwa wa maandishi uliouweka kwenye aya haufiki kwenye orodha, na fundi anapoteza saa nzima akiilaumu CSS, lugha ya kupamba ukurasa. Tagi ya kufunga li inaweza kuachwa kisheria, kivinjari kitaimalizia chenyewe. Ya kufunga ul haiachwi. Ukiisahau, kila kinachofuata hujongezwa ndani, kwa kawaida pikseli 40, mpaka lile boksi linaloizunguka orodha lifungwe.

Namba zisichapwe kwa mkono. Ndani ya ol kivinjari huweka namba zake, hivyo utapata «1. 1.», na siku ukiongeza hatua katikati utalazimika kurekebisha zote zilizo chini yake. Kama maelezo yamekatizwa na picha kubwa na orodha inaendelea kutoka hatua ya 4, andika ol start="4". Kipengee kimoja kikihitaji namba yake, kipe li value="7", kinachofuata kitakuwa 8. Sifa ya reversed huhesabu kurudi nyuma, inafaa kwa habari za kumi bora. Vitabu vya zamani husema start na value ziachwe, na kweli HTML 4 (toleo la lugha ya kuandikia kurasa za mtandao) ya mwaka 1997 ilishauri hivyo, lakini HTML5, toleo lililofuata, imezirudisha. Na pale maandishi yanaposema «tazama kipengee (b)», tumia type="a" kwenye ol yenyewe. Herufi hiyo ni sehemu ya maana, isiachiwe CSS ambayo inaweza isipakiwe.

Kwa mapambo, CSS ndiyo mahali pake. Kubadili rangi ya kitone kunatosha kutumia ::marker (jina la kitone katika CSS), hakuna haja ya kubandika picha. Lakini ukiipa li display: flex (mpangilio wa CSS wa kupanga vitu kwa safu), kitone hutoweka, kwa sababu li hiyo haihesabiwi tena kuwa kipengee cha orodha katika mpangilio. Na ukiondoa vitone kwa list-style: none, kivinjari cha Safari kikitumiwa na VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, huacha kuitangaza kama orodha, isipokuwa iwe ndani ya nav, tagi ya menyu. Ongeza role="list" kwenye ul. Inaonekana kama kurudia jambo, na ni kurudia kweli, lakini inafanya kazi.

Maneno na maana zake, kama faharasa, yana tagi zake: dl (orodha nzima), dt (neno) na dd (maana yake). Msiyalazimishe ndani ya ul yenye herufi nzito.

Kabla ya kuchapisha, pitisheni ukurasa kwenye kikaguzi cha W3C, shirika la viwango vya mtandao. Ul iliyokaa moja kwa moja ndani ya ul nyingine kitaitaja pamoja na namba ya mstari. Vistari vya mkono hakitaviona, kwa kuwa kisheria si kosa. Hivyo vitafuteni wenyewe: mistari miwili au zaidi inayofuatana, iliyokatwa kwa br na kuanza na kistari.

Wenu,
Fundi wa tovuti