Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanafunzi Wasaidizi katika Madarasa ya Watoto

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mtasomewa na mweka hazina, na maandalizi ya onyesho la mwisho wa mwaka yanakwenda vizuri. Mimi naomba kutumia nafasi yangu kwa jambo lililochukua muda mwingi wa kamati kuliko mengine yote: wanafunzi wetu wakubwa wanaowasaidia walimu kufundisha watoto wadogo.

Mtoto wa miaka mitano hajifunzi dansi kwa maelezo. Hutazama, akaiga. Zile nafasi tano za miguu anazoanza nazo kwenye baleti zilipangwa na Pierre Beauchamp huko Ufaransa katika karne ya 17, na mpaka leo zinarithishwa vilevile: mkubwa anasimama, mdogo anamtazama miguu. Mwalimu akiwa peke yake hawezi kuonyesha hatua mbele ya darasa na papo hapo awe nyuma akimtuliza anayelia. Isitoshe, watoto humwona msaidizi kama dada au kaka, wakamuuliza yale wanayoona haya kumuuliza mwalimu.

Kazi yenyewe si nyepesi kama inavyoonekana kutoka mlangoni. Watoto wengi wa umri huo bado wanachanganya kulia na kushoto. Msaidizi akisimama akiwaelekea, inambidi acheze kinyume: anatamka "mguu wa kulia" huku akiinua wa kushoto, ili wamfuate kama wanavyofuata kioo. Jaribuni hilo muziki ukiwa unakwenda! Nilikaa nyuma ya ukumbi nikimtazama mmoja wao akifanya hivyo bila kupoteza hesabu hata mara moja. Mtoto mmoja alipoachwa na wenzake, msaidizi hakumwita jina mbele ya darasa. Alisogea taratibu mpaka akawa karibu naye, akampa mgongo ili mguu wa kulia wa mmoja uwe upande mmoja na wa mwenzake, akarudia hatua polepole bila kusema neno. Mtoto akashika. Huo ni ualimu, na nasema hivyo kwa fahari.

Faida inawarudia wao pia. Anayemwonyesha mtoto jinsi ya kukunja magoti bila kuinua visigino analazimika kwanza kujua uzito wake mwenyewe umekaa wapi, jambo ambalo pengine alikuwa akilifanya kwa mazoea tu.

Hata hivyo, msaidizi ni mwanafunzi, na kamati imesimama imara katika hili. Hamrekebishi mtoto mwili kwa mikono yake. Katika baleti miguu hugeuzwa nje kuanzia nyonga. Mtoto anayetaka kusifiwa hulazimisha nyayo ziende pembeni ilhali magoti yamebaki mbele, na hapo goti ndilo linaloumia. Msaidizi akiliona hilo, amwite mwalimu. Wala asimkandamize mtoto mabega au mapaja ili apasue msamba, kwa sababu mifupa inayokua ina sehemu laini karibu na viungo ambazo huumia kwa urahisi. Asimwahidi pia kwamba mwakani atavaa viatu vya kuchezea juu ya ncha za vidole. Wadogo wanavitamani sana wakiwaona wakubwa wamevivaa, lakini uamuzi ni wa mwalimu, na kwa kawaida hauji kabla ya miaka 11 au 12, tena kwa mtoto ambaye vifundo vyake na kiwiliwili chake vimepata nguvu kwa mafunzo ya miaka kadhaa.

Kuhusu usalama sitasema mengi, maana haya hayana mjadala: mwalimu awepo ukumbini muda wote, msaidizi asimpeleke mtoto chooni wakiwa wawili tu, na simu zikae kwenye mikoba.

Lililonisumbua zaidi ni masomo ya wasaidizi wenyewe. Baadhi ya wazazi wametueleza kwamba vijana wao wanafika kwenye darasa lao wakiwa wamechoka, au wanalikosa kabisa kwa sababu wameombwa kuziba pengo. Nakubaliana na wazazi hao kikamilifu. Kijana amekuja kwetu kujifunza dansi. Akiikosa zamu yake ya kujifunza ili darasa lingine lisilale, hapo hasaidii tena, anatumika. Mwalimu akipata dharura na mwalimu mwingine asipatikane, darasa liahirishwe, hata kama wazazi tutanung'unika.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, msaidizi asipangiwe darasa linalogongana na lake, na apate muda wa kupumzika kati ya kusaidia na kujifunza. La pili, kabla hajaanza, akae vipindi kadhaa akitazama tu, kisha mwalimu amweleze kwa maneno yaliyo wazi anachoruhusiwa na asichoruhusiwa, na mzazi wake apewe nakala ya maelezo hayo.

Nawashukuru walimu waliokubali kuwa na macho ya ziada madarasani mwao, na nawashukuru vijana wenyewe, ambao wengi wao wako hapa leo. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Mwenye swali kuhusu pendekezo lolote aliulize kabla ya hapo, nami nitamjibu.

Mwenyekiti