Tikiti ya Mama usiikate kwanza

Nyons, Ufaransa, Julai

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam alaykum. Huku wazima, watoto wamefunga shule na nyumba haikaliki kwa kelele. Nimepata ujumbe wako kwamba Mama amepewa viza na mnatafuta tikiti ya Agosti. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka. Lakini tikiti usiikate kwanza, tafadhali.

Najua utaniuliza, mtu wa Tanga atishwe na joto gani? Shoga, kwetu jua likizidi, jioni upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani. Hapa tumezungukwa na milima. Kuta za mawe zinapigwa jua mchana kutwa, na usiku ukizigusa bado zina moto. Juzi tumekaribia nyuzi 40. Kiyoyozi hatuna, na majirani wengi hawana. Chumba cha wageni kiko juu kabisa, chini ya vigae. Humo ndimo angelala Mama, na presha yake ile.

Mchana tunakaa gizani. Jua likianza kupanda nafunga vioo, nafunga na mbao za nje za madirisha, hakuna kufungua mpaka jioni. Na jioni yenyewe haiji! Maghribi inaingia saa tatu na dakika ishirini usiku. Isha tunaisubiri tunasinzia, kisha Alfajiri hiyo imefika. Mama atapumzika saa ngapi?

Kinachotuponya ni upepo wa usiku, wenyewe wanauita Pontias. Unashuka bondeni mpaka asubuhi, tunafungua kila kitu. Wazee wa hapa husimulia kwamba Mtakatifu Césaire, askofu wa Arles, aliuchota upepo wa bahari kwa glavu yake akaja kuuachilia kwenye mwamba wa hapa. Mama ataipenda hadithi hiyo, namjua. Ila kuna usiku upepo huo hauji.

Nikwambie kilichonitia hofu hasa. Bibi wa nyumba ya chini amepita miaka 80, anaishi peke yake. Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 nchi hii, wengi wao wazee, na wengine walifia majumbani peke yao. Tangu hapo manispaa zina daftari la wazee wanaoishi peke yao, joto likizidi wanapigiwa simu. Bibi huyu amekataa kuandikwa, anasema yeye si mgonjwa. Basi nambishia hodi asubuhi na jioni, nampelekea maji na taulo mbichi. Jana nimemkuta kakaa kimya, uso mwekundu, glasi ya asubuhi haijaguswa. Alipokunywa akachangamka, lakini mimi nilirudi juu miguu haina nguvu. Nilikuwa namwona Mama kwenye kiti kile.

Simzuii, wallahi. Namtaka aje, tena akae. Aje Septemba, jua limelegea na watoto wamerudi shule, nipate kuwa naye siku nzima. Alhamisi nitampeleka sokoni achague zabibu. Zeituni nyeusi za hapa, zile zilizojikunja ngozi, nimeshamwekea chupa. Jioni tutatembea polepole mpaka kwenye daraja la mawe la mwaka 1409, kuna mahali pa kukaa. Watu wanacheza petanki, ule mchezo wa kurusha mipira ya chuma, chini ya miti, yeye anapenda kutazama watu... Aprikoti ndizo atakazozikosa. Nitamchemshia jamu.

Sasa nijibu. Viza yake inaishia lini? Septemba imo? Presha ilikuwa ngapi mara ya mwisho, na dawa ni zile zile? Nani atamwambia, wewe au nimpigie mwenyewe? Asije akadhani sitaki mgeni. Ba'Salma amerudi kutoka Muscat? Mwalimu wa Chumbageni mguu umepona? Na yule wa Ngamiani, amelipa?

Ukwaju usisahau kumfungia. Nipigie hata leo usiku, kabla hujalipa hao wa tikiti.

Wako,
Mama Twaha