Nitawashonea polisi namba, bure

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu kifungua mimba wangu akiwa mgongoni na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya wiki jana, ya vijana wawili waliouawa na polisi alfajiri, ndiyo imenitoa kwenye cherehani. Mliwaita majambazi sugu. Usugu huo mliupima na nini? Mlimnukuu mkuu wa kituo, mkataja na bastola ya kujitengenezea, lakini mama zao hamkuwatafuta. "Walikaidi amri ya kusimama." Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi hata ninaweza kuwaandikia habari ijayo, mje kujaza jina la mtaa tu.

Naishi Huruma, hapa Nairobi, nashona sare za shule. Nina kijana wa miaka 19 anayengoja kuingia chuo cha ufundi. Huku kwetu mtoto wa kiume akianza kuota ndevu anafundishwa upya kutembea. Usikimbie hata mvua ikikunyeshea. Msisimame kona mkizidi watatu. Kofia ya sweta usiivute kichwani. Alikuwa na rasta, nikazikata mwenyewe kwa mkasi wa kitambaa, na siku mbili hakusema nami. Ukisimamishwa, mikono ionekane, useme "ndiyo, afande".

Kuna fundo moja lilinishinda. Afande anataka kitambulisho, na kitambulisho kiko mfukoni. Ukitia mkono mfukoni, ulikuwa unachomoa bunduki. Usipoutia, umekaidi. Nikachukua plastiki ya kufunikia madaftari, nikashona kimfuko cha kuvaa shingoni, kitambulisho kikawa kinaonekana kifuani kama beji ya mtoto wa chekechea. Nilijiona nimewazidi akili.

Mwezi uliopita nikamtuma unga saa mbili usiku. Wanaume wanne wakashuka kwenye gari dogo, hakuna aliyevaa sare. Mmoja akakishika kile kimfuko, akauliza, "Ujanja huu umefundishwa na nani?" Akajibu, "Mama." Wakacheka. "Kumbe hata mama yako anajua wewe ni mwizi." Wakamzaba kofi, wakachukua noti ya mia mbili ya unga, wakampa dakika moja apotee. Mhariri, apotee vipi? Mimi ndiye nimemkataza kukimbia! Akatembea. Anasema alitembea akihesabu hatua, mgongo umemkakamaa, akingoja mlio. Alipoingia nyumbani sikumuuliza unga. Tulilala na chai ya rangi, na mpaka leo akisikia gari likipunguza mwendo nyuma yake anasimama kabisa, mikono juu, hata likiwa la muuza gesi. Majirani wanaambiana amerogwa.

Msiniambie mtoto mwema hana la kuogopa. Yule mvulana wa Kiamaiko, hapo hapo jirani yetu, alikuwa na miaka 13, alikuwa juu kwenye roshani ya kwao na nduguze usiku wa kafyu ya korona, Machi 2020. Risasi ilimfuata huko juu. Yule mchuuzi wa barakoa wa Juni 2025 alipigwa risasi ya kichwa katikati ya jiji mchana, kamera zikiangalia, barakoa zake mkononi. Mwezi uliofuata tukamsikia Rais Ruto akisema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Ya mguu! Mimi hupima nguo watu wakiwa wamesimama tuli na bado hukosea inchi. Huyo wa kulenga mguu wa mtu anayekimbia gizani alifunzwa ushonaji wapi?

Na nikitaja giza, ile mulika mwizi, taa ndefu ya mtaani kwetu, imezimika muda mrefu sasa. Huwashwa kampeni zikikaribia, diwani akipita, kisha inarudi kulala. Mwizi hamulikwi, na mtoto wa mtu akitoka dukani gizani naye anakuwa mwizi. Tumepeleka malalamiko, tukaambiwa ni mambo ya kaunti, kaunti ikatuambia ni mambo ya kampuni ya umeme. Basi nyinyi andikeni hilo pia.

Wananiuliza mbona sikuripoti. Ningeripoti nani? Najua IPOA ipo, ile mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, na fomu nimeiona: inauliza jina la afisa au namba yake. Wale wanne hawakuwa na jina wala namba. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana wazi. Ndiyo maana sare inaachwa nyumbani, na siku za maandamano nyuso zinafunikwa.

Mimi nimeshazoea kushona vitambulisho vya kuonekana, kwa hiyo natoa huduma. Kila askari anayebeba bunduki Nairobi, mwenye sare na asiye na sare, aniletee koti lake. Nitamshonea namba yake mgongoni na kifuani, tarakimu nyeusi juu ya kitambaa cheupe, kimo cha sentimita ishirini, isomeke kutoka roshani ya ghorofa ya tatu. Kitambaa changu, uzi wangu, sidai hata shilingi. Ila waje mchana, mmoja mmoja, na kijana wangu nitakuwa nimempeleka kwa shangazi yake.

Mama mshonaji,
Huruma, Nairobi